Jirani wa Maana

Basi la West Side, hapa Buffalo, Marekani, lilikuwa karibu tupu. Mbele yangu mama Mkongomani alikuwa akimlalamikia bintiye: "Ule jirani wa juu, kila asubui ninamusalimia. Haitike hata siku moja."

Binti hakuinua macho kutoka kwenye simu. "She's mean, Mama."

Alitaka kusema ana roho mbaya. Lakini yaonekana darasa la Kiingereza la watu wazima lilikuwa limeshamfundisha mama kwamba "mean" ni maana. "Bon, kama ni mutu wa maana, juu ya nini haitike?"

Binti akacheka. Mama akageukia dirisha, akatazama theluji.

Nyumbani nikafungua kamusi ya historia ya Kiingereza. Kumbe "mean" hiyo ya roho mbaya, zamani ilimaanisha "ya wote". Kilicho cha wote kikaonekana duni, duni ikawa uchoyo, uchoyo ukawa roho mbaya. Maana ya kwanza ikafa.

Nilikuwa nimeshanoa kalamu nimwandike jirani yule asiyeitika salamu. Halafu nikakumbuka: nilisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, nikashuka basini bila kumwambia yule mama hata "jambo".