Chenga, Mtani Wetu wa Mashine ya Unga

Enzi zetu pale kijijini Kate, kutumwa mashineni hakukuwa adhabu. Siku hizi ukimwambia mjukuu akachukue unga dukani anakutazama kana kwamba umemtuma Kigoma kwa miguu. Sisi tuligombea. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimepata mashine ya kusaga, na mwendeshaji wake alikuwa Mnyamwezi mmoja mrefu, mweupe kwa unga kuanzia kope hadi katambuga zake za tairi, ambaye kila mtu alimwita Chenga. Baridi ya Juni inauma masikio, miguu imepauka, debe la mahindi kichwani, na bado tunakimbia tuwahi. Hatukukimbilia kusagiwa. Tulikimbilia kucheka.

Mnajua wenyewe, Mfipa na Mnyamwezi ni watani, hakuna kukasirikiana. Chenga aliutumia utani huo bila huruma. Akituona watoto tunaingia anapiga kelele juu ya muungurumo wa mashine: "Nyie Wafipa wadogo, leo mmekuja kwa miguu? Ungo umetoboka?" Maana watu wa kwetu tunasingiziwa nchi nzima kwamba tunasafiri usiku kwa ungo. Mwenyekiti wa kijiji akifika na gunia lake, Chenga anavua kofia kwa heshima zote: "Shikamoo mwenyekiti. Mwisho wa foleni ni kule, nyuma ya yule bibi." Na mwenyekiti anakwenda, anacheka huku kanuna.

Tulichokipenda zaidi ni alipomuigiza bwana shamba. Anajifunga kamba kiunoni badala ya mkanda, anatoa tumbo, anawahutubia bibi zetu wapande mahindi kwa mistari. Bibi zetu walikuwa na matuta yao ya mviringo, ya kufukia majani, waliyorithi kwa mama zao. Chenga anajifanya anatembea katikati ya matuta hayo na viatu vya ofisini, anateleza, anainuka, anaendelea kuhutubia, anateleza tena. Wazee walishika mbavu. Nyumbani mama alikuwa ananingoja mlangoni na mwiko: "Jua limefika hapo, maji yamekauka sufuriani, na usiniambie habari za Chenga!" Kisha, ugali wa ulezi ukishaiva na maharage yameshapakuliwa, anauliza kwa sauti ya chini, "Haya, leo kasema nini?"

Lakini mimi nilimpenda Chenga kwa sababu nyingine. Babu yetu alipofariki, bibi alikaa mkekani akakataa chakula. Hakulia, hakusema neno, na wanangu, hakuna kinachomtisha mtoto kama bibi aliyenyamaza. Mama zangu wadogo walimbembeleza na uji ukapoa. Ndipo Chenga akaingia, maana msibani kazi ya mtani ni kuchekesha wafiwa, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa koti la babu, anakohoa kikohozi cha babu, anafoka kama babu: "Nani kahamisha jembe langu?" Kisha akajilaza kizingitini. "Maiti haitoki! Mfipa huyu mchoyo, hatoki mpaka nipewe jogoo!" Waombolezaji waliguna kwa kicheko. Bibi akamtazama, mabega yakaanza kumtikisika. "Ondoka hapo, Mnyamwezi mchafu wewe!" akasema, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza. Akalia, akacheka, akanywa uji wote.

Baadaye Chenga alihamia Sumbawanga mjini, akafungua mashine yake pale Majengo. Nami niliolewa huko huko, kwa hiyo sikumpoteza. Nilikwenda kusaga hata nilipokuwa na unga ndani.

Kiangazi kilichopita akafariki. Msiba ulikuwa wa kisasa: maturubai, spika kubwa, vijana wamevaa fulana zenye picha yake, na mshereheshaji anayesoma wasifu kama taarifa ya habari. Wengi wetu tuliokulia kwenye foleni yake tulikuwepo, tumezeeka, tumekaa kwa adabu. Mjane wake, Mama Sada, akanivuta upindo wa kitenge. "Mtani," akaninong'oneza, "miaka yote kachekesha misiba yenu. Leo yeye anazikwa kama kikao cha kamati?"

Nikatazama huku na huku nimtafute mtani wa kuifanya kazi hiyo. Watani ni sisi. Wafipa wote pale tulikuwa hodari wa kucheka tu, hakuna hata mmoja aliyewahi kumchekesha mtu. Jeneza lilipoinuliwa nikaenda nikasimama mbele yake, bibi mzima na miwani yangu, nikapayuka: "Lishusheni! Mnyamwezi mvivu huyu, watu wote hawa wako foleni, yeye kalala! Amka uwashe mashine!"

Mshereheshaji akashusha kipaza sauti. Nikaona aibu inanipanda shingoni. Kisha kutoka mkekani sauti ya Mama Sada ikapaa: "Mwache, mtani! Dizeli imekwisha!"

Wazee wote wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho tukamlilia Chenga kama alivyostahili.

Vijana hawakucheka. Wao wakifurahi sana wanatuma simuni kikatuni kinachocheka hadi kutoa machozi, uso wenyewe mkavu. Jioni mjukuu wangu, binti msomi na mwenye heshima, akanikalisha chini. "Bibi, mbona ulimtukana marehemu mbele za watu? Kwani alikukosea nini?"

Nikamwambia nilimpenda sana. Akanishika mkono, akanionea huruma, nikajua hajaelewa. Tangu siku hiyo nikiwatazama wajukuu zangu, wapole, wasiojua hata mtani wao ni kabila gani, roho inaniuma. Siogopi kufa. Naogopa kuzikwa na watu wenye adabu.