Kiporo cha Mvushaji

Nyumbani kwetu Ifakara filamu mpya haiulizwi kama ni nzuri. Inaulizwa kama inaifikia ile. Mama ndiye huuliza, na jibu analitoa mwenyewe kabla majina ya waigizaji hayajaanza kupanda kwenye kioo: "Haifikii. Haina kiporo."

Ile tuliiona nikiwa na miaka tisa, kwenye banda la video nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kuta za mabati, mabenchi, televisheni juu ya meza, na pembeni yake mtafsiri na kipaza sauti. Filamu ilitoka nchi ya mbali, lugha yake hakuna aliyeijua, kwa hiyo mtafsiri alisema kwa niaba ya wote waliokuwa ndani ya filamu: baba, mtoto, wakwe, hata mbwa.

Ilihusu mvushaji, mtu wa kuvusha watu mtoni, na binti yake mdogo. Binti anaugua, mto umefurika, dawa iko ng'ambo. Baba anaingia mtumbwini peke yake. Kwa mtafsiri wetu ng'ambo ilikuwa Ulanga, upande wa pili wa mto wetu, na yule mwenye duka la dawa, bahili wa kutupwa, alikuwa mtu wa Mchombe. Watu wa Mchombe waliokuwepo walipiga mabati kwa hasira na kwa raha.

Mtumbwi ulipofika katikati ya maji, baba akiwa ameinua upondo wa kuusukumia, picha iliganda. Tuliirudia Jumapili nyingi baada ya misa, na kila mara iliganda hapohapo.

"CD imekwaruzika, ndugu zangu," alisema mtafsiri. "Lakini mimi nimeiangalia yote."

Akasimama mbele ya picha iliyoganda, akatusimulia mwisho. Baba anaingia mlangoni, nguo zinachuruzika maji, kifurushi cha dawa amekibana kwa meno. Binti anasema, "Shikamoo baba." Baba hawezi kuitikia mpaka akitoe kile kifurushi mdomoni. "Marahaba," anasema, halafu anaangalia mafigani. "Kiporo kipo?"

Banda lililipuka. Mama alicheka huku anafuta machozi. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, anarudi mwisho wa mwezi, na swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo. Siku ile tulipofika nyumbani Mama alipasha wali wa jana, tukaula tukiwa tumesimama.

Tangu hapo nimeangalia filamu nyingi, nyingine pamoja na rafiki zangu waandishi wanaojua kuzungumzia mwanga na ukimya. Nawasikiliza, nakubali, lakini moyoni nangoja mtu aingie mlangoni akiwa amelowa na ana njaa. Mhariri wangu aliwahi kunipigia simu kuuliza kwa nini riwaya zangu zote zinaishia jikoni.

Mwaka huu niliipata ile filamu mtandaoni. Kwa furaha nikampigia Mama kabla hata sijaiangalia. Hilo ndilo kosa langu.

"Njoo nayo," alisema. Baba yangu alikuwa amefariki miaka minne nyuma. "Nimemsikia mvushaji miaka yote. Sasa nataka kumwona kwa macho yangu akiingia."

Jioni ile nikaiangalia. Baba anainua upondo, picha haigandi, na mtumbwi unarudi mtupu. Binti anapona kwa dawa za majani, anakua, anashika upondo yeye. Ni mwisho uliotengenezwa vizuri kuliko wetu, najua. Nikafunga kompyuta.

Nilipofika Ifakara nilipitia kwanza kwa mtafsiri. Siku hizi anatengeneza simu na redio karibu na soko.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Simu au redio?"

"Ile filamu ya mvushaji."

Akaweka bisibisi chini. "Umeiona yote."

"CD haikuwa imekwaruzika?"

"Nzima kabisa! Nilikuwa nabonyeza rimoti. Siku ya kwanza niliiacha iishe. Banda limejaa wakulima wa Idete, na mwaka ule mafuriko yamewabebea mpunga wote. Wakatoka kimya, hata kunitukana hawakunitukana. Mimi! Watu waliozoea kunitukana nikikohoa tu! Nikasema, Jumapili ijayo huyu mzee anarudi kwake."

"Mama anataka kumwona akiingia."

"Basi twende wote," akasema, akafunga kibanda.

Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Mtafsiri akamwamkia, akakaa kwenye kigoda kando ya kompyuta, akaanza kuwasemea watu wake kwa sauti iliyokwaruza sasa. Mtu wa Mchombe bado alikuwa bahili. Upondo ulipoinuka, mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe, sijui niufanye nini.

"Simamisha," alisema Mama.

Nikasimamisha.

"Mama, si ulitaka kumwona?"

"Nilitaka. Nilisema labda aliyeitengeneza filamu naye alimrudisha. Ila ulivyoingia hapa na uso kama umetoka kuzika, nikajua hakurudi." Akamgeukia mtafsiri. "Na wewe, ulidhani sikuiona ile rimoti? Nilikuwa nakaa benchi la kwanza."

Mtafsiri akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Miaka yote hii tunakula kwa mdomo wako. Simama ummalizie."

Akasimama mbele ya kioo. Mlango, nguo zinazochuruzika, kifurushi kwenye meno. Kisha akanitazama, akangoja. Nikaelewa kwamba zamu ni yangu.

"Shikamoo baba," nikasema.

Akatoa kifurushi kisichokuwepo mdomoni. "Marahaba. Kiporo kipo?"

Mama alikuwa ameshainuka kwenda jikoni. Kilikuwepo.