Maiti Anayeuma Shingo

Jumapili alasiri nilikuwa kwenye foleni ya tiketi za sinema hapa Tanga. Mbele yangu alisimama bibi mmoja mwenye buibui na wajukuu zake wawili, wasichana wa miaka kumi na minne hivi, wameshikana mikono kwa wasiwasi wa kurudishwa nyumbani.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema muuza tiketi. "Picha hii inatisha. Maiti anatoka jenezani, anawauma wanawake shingo na kuwanyonya damu."

"Marahaba. Je, wanabusiana?"

"Hawabusiani hata mara moja."

"Basi inawafaa watoto. Tupe tatu."

Ndani, maiti alimwinamia mwanamke mmoja taratibu, macho ameyalegeza. Wasichana walipiga kelele, kisha wakacheka hadi machozi. Bibi yao alisimama.

"Huyu haumi," alisema kwa sauti, "huyu anabusu!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Picha ilipoisha bibi alirudi kwenye dirisha la tiketi, nami nikasogea nisikie.

"Mwanangu, sasa sina hakika kama inafaa," alisema. "Kesho nitakuja peke yangu niitazame vizuri."

Serikali ina wakaguzi wake wa picha, lakini sidhani kama yupo anayeifanya kazi hiyo kwa moyo namna hii.