Mguu wa Mama Ukitembea

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa kwenye mkutano wa kazi, ile mikutano ya siku hizi ya kukaa mbele ya kompyuta, kila mtu na kidirisha chake. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani. Nilikuwa nimewapa karatasi, rangi na onyo. Kitinda mimba wangu akaingia na sufuria kichwani, anataka kujua kama kiboko anaweza kuishinda trekta. Nikazima sauti, nikamwambia kwa ukali kidogo atoke, mama anafanya kazi. Akanitazama, akaitazama kompyuta.

"Hufanyi kazi," akasema. "Unaangalia tu."

Mimi mwenyewe nililelewa katikati ya kazi ya mama, ila ile ilikuwa kazi yenye sauti, hata mtoto wa miaka minne aliijua ilipoanza na ilipokoma.

Tulikaa Rwezamenyo, nyumba ya vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na jirani mpika sambusa. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikulia Burundi, akarudi Kigali na Kiswahili chake cha Bujumbura, na ndicho alichotulea nacho mimi na mdogo wangu. Baba aliendesha malori ya Dar es Salaam, kwa hiyo pale nyumbani alikuwa mgeni tunayempenda. Cherehani, ya kukanyaga kwa mguu, ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na sebule hiyo hiyo ndimo tulimokula, kucheza na kugombania mkeka.

Sheria ilikuwa moja. "Mguu ikitembea, mdomo inalala," mama alikuwa akisema. Cherehani ikilia, hakuna swali. Ikinyamaza, sema unalotaka. Basi tukajifunza kuweka maswali akiba. Uzi ukiisha, akisimama kubadilisha bobini, tunammwagia yote kwa pamoja: nataka maji, huyu amenifinya, Mungu anakula nini. Anajibu huku analamba ncha ya uzi na kuutunga sindanoni, kisha mguu unaanza tena na sisi tunanyamaza katikati ya sentensi. Wageni walidhani tumerogwa.

Kila mmoja alikuwa na kazi ya kimo chake. Mdogo wangu aliokota pini sakafuni kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, akijiona polisi kabisa. Mimi nilichagua maharage, nikapulizia mkaa wa pasi mlangoni, nikaangalia imbabura, jiko letu la mkaa, isizime kabla chungu hakijachemka. Nyumba ilinuka mafuta ya cherehani, moshi na vitunguu vya jirani. Adhana ya adhuhuri ikisikika, hata sisi Wakatoliki tulijua maharage yanapaswa kuwa yameiva. Jirani alitupitishia sambusa zilizopasuka, zisizouzika, na mpaka leo naamini siku nyingine alizipasua makusudi.

Aliyeona haya yote ni fujo tupu ni shangazi, dada yake baba, muuza ndizi wa Kabuga. Alikuwa na nyumba kubwa, ng'ombe, na sauti ya sokoni ambayo hakuiacha sokoni. Hakuja kwetu bila kumshika mama shati. "Wifi, watoto na mashine haikai chumba moja. Nipe miye hawa, wewe ushone." Mama alicheka tu, akamwongezea chai.

Ikafika likizo ndefu, mama akapata kazi ambayo kila fundi wa mtaa aliitamani: mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kufungwa begani, ya bibi harusi na ya wasichana wote wa kumsindikiza. Ikienda vizuri, jina lake lingevuka Rwezamenyo. Shangazi akaja, akakuta kitambaa cha kijani kimejaa mpaka kitandani, nasi tumejikunja pembeni yake. Akaanza yale yale. Safari hii mama hakucheka.

"Wifi, hii harusi ikiharibika sababu ya watoto, nitakuletea miye mwenyewe."

Nilisikia. Kabuga kulikuwa na maziwa na ndizi za kuiva, lakini hakukuwa na mama.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, unajua mwenyewe, Kigali nzima hutoka umuganda. Maduka yamefungwa, watu wazima wako barabarani na majembe na mafagio, mitaro inazibuliwa, nyasi zinafyekwa. Mama alitoka na jembe lake, akaacha kitambaa kimetandazwa kwenye mkeka, tayari kwa mkasi. Hakuwa mtu wa kuandika vipimo. Alikupima, akavihamishia papo hapo kwenye kitambaa kwa kipande cha sabuni kilichokauka, na ile mistari myeupe ndiyo ilikuwa mabega na viuno vya wale wasichana. Mimi nilikuwa uani na maharage. Mdogo wangu alikuwa dirishani akiangalia mtaa mzima ukisafisha, akaona naye asipitwe. Akalowesha tambara, akapiga magoti kwenye mkeka, akaufuta uchafu wote, mstari kwa mstari, kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha tena maishani mwake.

Mama aliporudi, matope miguuni, alisimama mlangoni.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Umuganda, Mama."

Akaketi kwenye kiti cha cherehani. Mguu haukutembea. Kwa sheria yetu tuliruhusiwa kusema, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Niliogopa kuliko siku yoyote ya utoto wangu.

Wasichana wakaitwa tena kutoka Kimisagara, wakapanda kilima wakinung'unika, wakapimwa upya. Mmoja wao alisema waziwazi kwamba fundi wa kweli ana karakana, hana shule ya chekechea. Mama akaendelea kupima. Harusi ilifanyika na wakapendeza, nisiseme uongo, ila pindo za mwisho zilishonwa kwa mkono nyumbani kwa bibi harusi, asubuhi ile ile, watu wakisubiri. Habari zikafika Kabuga kabla kiporo cha harusi hakijaisha. Shangazi hakuhitaji hata kukumbusha. Ahadi ni deni, mama akasema, akatufungashia nguo.

Shangazi alitutunza vizuri, nisimsingizie. Tulikunywa maziwa mpaka midomo ikawa na masharubu. Lakini pale hapakuwa na pini za kuokota wala mkaa wa kupuliza. Tuliambiwa twende tukacheze. Maswali yakanijaa kichwani, na shangazi hakuwa mtu wa kuulizwa Mungu anakula nini. Nilimkumbuka mama wazi wazi, na mdogo wangu alilia kila alipoona mtu ameshika tambara.

Shule hazijafunguliwa bado, mama akatokea uani mchana, amekonda. Shangazi akadhani ni njaa ya kukosa wateja.

"Wifi, kazi haiendi?"

"Iko inaenda. Inaenda sana," mama akasema. "Mguu haisimami. Hakuna mtu wa kuniuliza kitu, nashona mpaka nasahau kula. Nipe watoto wangu."

"Na wakiharibu tena?"

"Kazi itawazoea." Alikuwa tayari amemshika mdogo wangu mkono.

Ile nyumba ya Rwezamenyo imevunjwa, pamesimama ghorofa. Jirani wa sambusa ametangulia, mama naye. Kazi yangu mimi haisikiki, kwa hiyo watoto wangu hawajui waingie lini, wanaingia wakati wote, na siwezi kuwalaumu. Nahama na kompyuta kutoka sebuleni hadi chumbani, kutoka chumbani hadi jikoni, nikitafuta kimya kidogo. Likizo ile mama alikuwa nacho, kimejaa nyumba nzima, na kazi inakwenda. Akafunga mlango, akapanda basi la Kabuga kuja kutuchukua.