Mgeni wa Meza ya Dirishani

Mji mzima ulimwita Bwana Karibu, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa mgahawa wa familia, suti imenyooka, viatu vinang'aa, na kulitamka neno hilo kwa namna iliyomfanya kila mgeni ajione alikuwa anasubiriwa tangu asubuhi. Mgahawa wenyewe ulikuwa wa kifahari, wa vitambaa vyeupe na glasi nyembamba, wa chakula kinacholetwa kidogo kidogo, sahani baada ya sahani. Marehemu baba yake alipoufungua katika mji mdogo kama ule, watu walimcheka wakiuliza nani atavaa tai kwa ajili ya vijiko viwili vya supu. Walicheka weee, kisha wakaja, na sasa hakuna aliyepata mchumba au kupandishwa cheo pasipo kwenda kula pale.

Baba alipofariki, watoto wake waligawana kazi bila ugomvi, jambo ambalo mji haujaacha kulishangaa. Kaka mkubwa alibaki na jiko, maana hakuna mwingine aliyeweza kuvumilia joto la mle ndani wala mdomo wake mwenyewe. Bwana Karibu akachukua mlango na ukumbi, na mkewe akashika simu ya kuwekea meza. Bwana Karibu alijisifu kwamba hajapata kumsahau mgeni. Alijua ni nani asiyependa kuupa mlango mgongo, na ni mama gani huagiza samaki halafu akala sahani ya mumewe.

"Mimi nikimtazama mtu pale mlangoni," alizoea kusema, "najua amekuja kutafuta nini."

Kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo, lakini hakuna aliyemkosoa, kwa sababu mara nyingi alisema kweli.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba, hakuwa na shughuli yoyote na mlango huo. Yeye alipitia uani. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba kidogo chenye meza ndefu ya kupigia pasi na dirisha lililotazama mapipa ya taka, na humo ndimo alimoshinda tangu mgahawa ulipofunguliwa. Kila kitambaa cha meza na kila kitambaa cha kupangusia mdomo kilipita chini ya pasi yake. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Bwana Karibu alilelewa na mikono yake, na alipokuwa mchanga alilazwa mle mle chumbani, juu ya rundo la vitambaa safi, huku mama yake akihangaika na masufuria. Shangazi alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza hali atakwambia nzuri, na ukimuuliza tena atakutazama usoni kuona kama una tatizo.

Jumapili ilikuwa siku yake ya kupumzika, na kwa mgahawa ilikuwa siku ya kufa na kupona, maana mji mzima ulitaka kula mchana huo. Jumapili moja mambo yalikwenda mrama tangu mwanzo. Mke wa Bwana Karibu alibaki nyumbani kumwangalia mtoto aliyeamka na homa. Mwosha vyombo hakutokea, wala hakutuma salamu. Ukumbi ulijaa pomoni, sahani safi zikawa zinakaribia kwisha, na kaka yake alikuwa anafoka jikoni mpaka wageni wa karibu wakaanza kushusha sauti zao ili wasikie vizuri.

Hapo mlango wa mbele ukafunguka, akaingia shangazi.

Alikuwa amevaa gauni la buluu ambalo Bwana Karibu hakuwahi kuliona, na viatu vya kisigino kifupi. Mkoba mdogo aliushika kwa mikono miwili. Alisimama juu ya zulia, pale pale wanaposimama wageni, akamtazama huku akitabasamu kwa mbali, akangoja.

"Shangazi, leo umepotea mlango?" Bwana Karibu alicheka. "Ni Mungu amekuleta. Mwosha vyombo ametutupa, na kaka anakaribia kupasuka."

"Mwanangu, mimi nili..."

"Tutaongea baadaye, shangazi yangu. Tuokoe kwanza."

Alimshika mkono akampitisha ukumbini harakaharaka, kama mtu anayeficha ndoo wageni wasiione. Jikoni akautwaa ule mkoba akautundika kwenye msumari. Aproni akamfungia yeye mwenyewe, akakaza fundo kwa nyuma. Shangazi alitazama lundo la sahani, akakunja mikono ya gauni lake, akaingia kazini.

Sasa, meza ya dirishani ndiyo meza nzuri kuliko zote mle ndani, na siku hiyo ilikuwa imewekwa kwa simu na mama mmoja, kwa mtu mmoja tu. Mama huyo hakuonekana. Bwana Karibu alichungulia barabarani, akarudi, akachungulia tena. Mwishowe aliwapa meza hiyo mke na mume waliokuwa wamechoka kusimama, kisha akaingia jikoni kutua hasira zake, na aliyekuwa karibu wa kumsikiliza ni shangazi.

"Watu wengine hawana adabu," alisema. "Mtu anaweka meza nzuri namna ile, tena peke yake, halafu haonekani."

Shangazi alisuuza sahani akaisimamisha pamoja na zingine. "Labda alipata udhuru."

"Si angepiga simu basi?"

"Angepiga," shangazi alisema, akachukua sahani nyingine.

Wageni walipoondoka, Bwana Karibu alimfungia kipande cha samaki kilichobaki ili aende nacho nyumbani. Alimsindikiza mpaka kwenye lango la uani, akampungia mkono, akajiona mtu mwema sana.

Jioni alimkuta mkewe akimnywesha mtoto uji.

"Ehe, nipe habari," mkewe alisema, uso umemchangamka. "Shangazi alifurahi?"

"Afurahie nini? Ameosha vyombo, maskini, mpaka mikono imemkunjamana."

Kijiko kilisimama hewani. "Ameosha nini?"

"Vyombo. Mwosha vyombo hakuja. Bahati nzuri shangazi akapita."

Mkewe alimweka mtoto chini taratibu. Alimtazama mumewe mpaka mume mwenyewe akaanza kujikagua kama ana doa kwenye shati. "Hakupita," alisema. "Alikuja kula. Ile meza ya dirishani aliiweka yeye. Alinipigia simu kama mgeni yeyote, nikamjua kwa sauti, akaniapisha nisikwambie."

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Alisema, 'Nataka nione atanikaribishaje.'"

Bwana Karibu alikaa. Mkewe aliendelea, na kila neno lilimchoma: kwamba gauni lile lilishonwa na fundi kwa ajili ya siku hiyo, na kwamba shangazi amepiga pasi vile vitambaa maisha yake yote bila kujua mtu anajisikiaje kukikunjua kimoja na kukiweka mapajani, huku mwingine akihangaika na sahani.

"Mbona hakuniambia pale mlangoni?" aliuliza.

"Ulimpa nafasi?"

Hakuwa amempa. Alikumbuka lile neno alilolikata katikati. Alikumbuka vile alivyomlalamikia huyo huyo kuhusu mgeni asiye na adabu, na samaki aliyemfungia kwenye karatasi. Zaidi ya yote alikumbuka fundo la aproni, jinsi alivyolikaza vizuri lisifunguke. Aibu ilimvaa mwili mzima. Miaka yote hiyo alikuwa anamsoma kila anayeingia, na siku aliyoingia mama aliyemlea, yeye aliona mikono ya kuosha vyombo. Usiku huo alikula kidogo, na alichokula hakukijua.

Jumatatu mgahawa hufungwa, ila shangazi huja kunyoosha vitambaa vya Jumapili. Asubuhi alimfuata kaka yake na kumweleza. Kaka aliyekuwa ananoa visu aliweka kisu chini.

"Mimi nilimpigia kelele," alisema. "Nilimwambia aongeze kasi."

Wakala njama ya kumpikia kila kitu kilichokuwepo Jumapili. Waliandaa meza ya dirishani kwa ukamilifu wake, glasi, maua, kitambaa kilichokunjwa kikasimama juu ya sahani. Bwana Karibu alivaa suti yake bora, akaenda mpaka chumba cha pasi, akasimama mlangoni kama askari wa gwaride.

"Mama, meza yako iko tayari."

Shangazi alikuwa ananyunyizia maji kitambaa. Alimtazama kuanzia tai mpaka viatu. "Mwanangu, leo tumefunga."

"Tumefungua kwa ajili yako."

Shangazi alijitazama, alivyovaa gauni la kazi lililopauka na ndala, na hapo Bwana Karibu akatambua kwamba amemkosea tena. Hakuna aliyefikiri kumwambia mapema ili avae. Lakini lililokwisha kupikwa limepikwa, na shangazi akamfuata, shingo upande.

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepandishwa juu ya meza miguu ikitazama dari. Shangazi alikaa. Alikichukua kile kitambaa kilichosimama, akakitazama, akakiweka kando bila kukikunjua. "Kisije kikachafuka bure," alisema. Kaka alileta supu. Shangazi alikula huku kaka, Bwana Karibu na mkewe wamejipanga mstari mmoja, mikono nyuma.

"Mtanitumbulia macho mpaka lini?" aliuliza. "Shusheni viti mle."

Wakashusha viti, wakala naye. Basi chakula kikanoga. Kaka alisimulia jinsi marehemu baba alivyowahi kumwaga mchuzi kwenye kofia ya mkuu wa polisi, na shangazi akacheka mpaka akatoa leso yake kwenye kifua cha gauni na kufuta machozi, na mdomo pia. Kilikuwa chakula kizuri cha familia, na ndicho kilichomuumiza Bwana Karibu, kwa sababu chakula cha familia walishakula mara nyingi. Mgeni bado hakuwepo.

Tamu ya mwisho ilipokwisha, shangazi alisimama akaanza kukusanya sahani.

"Shangazi, acha," Bwana Karibu alisema, akazishika upande wa pili.

"Sasa nani ataosha?" aliuliza. Aliuliza kweli kweli, bila kisirani, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua. Bwana Karibu aliziosha yeye, tai imetupwa begani. Vitambaa vilivyochafuliwa na wao watatu alivifua kwa sabuni na kuvianika uani. Cha shangazi kilikuwa bado kimesimama pale mezani, safi kabisa.

Kesho yake Bwana Karibu alipitia lango la uani. Shangazi alimkuta chumbani mwake, pasi imeshapata moto, vitambaa vya jana viko mezani.

"Unatafuta nini huku?"

"Nataka kuvinyoosha hivi. Tulivichafua sisi."

Shangazi aliweka mkoba wake chini. Akamwonyesha namna ya kuanza na pembe, namna ya kuvuta upindo usijikunje, kisha akakaa kwenye kigoda cha dirishani akamwachia. Bwana Karibu aliipitisha pasi huku na huku. Kitambaa kilijikunja mahali asipopataka. Shangazi alikichukua, akakitazama kwenye mwanga, akamrudishia.

"Rudia."

Akarudia. Hakuwa na suti siku hiyo, na jasho lilikuwa linamtoka. "Shangazi," alisema bila kuinua macho, "nisamehe kwa Jumapili."

"Nilishakusamehe. Wewe si mtoto wangu?"

"Basi njoo Jumapili hii. Uvae lile gauni. Nitakukaribisha vizuri, utaona."

"Najua utanikaribisha vizuri," shangazi alisema. "Sasa si umeshaambiwa."

Nje mtu alikuwa anaburuta pipa la taka. Shangazi alingoja kelele ziishe.

"Siku ile," alisema, "ungeniuliza tu. 'Shangazi, umekuja kula?' Ungeuliza hivyo, ningejibu ndiyo. Halafu vyombo ningeosha vilevile, maana mlikuwa na shida kweli, niliona mwenyewe. Lakini ungekuwa umeniuliza."

Bwana Karibu aliinua macho akamtazama. Mkono wake ulibaki pale ulipokuwa, juu ya pasi.

"Inua pasi, mwanangu," shangazi alisema. "Unaunguza."