Kreti za bia zilizotaka kuziba chungu changu cha munkoyo

Wakuu, heshima kwenu. Nina zaidi ya miaka tisini, sina sababu ya kuwadanganya.

Nimewasoma humu mkibishana nani anafadhili kampeni za wabunge. Hebu niwape ya kwangu, ya mji wa Élisabethville, Wabelgiji wakitutawala.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa halmashauri ya commune yetu, yaani sehemu yetu ya mji. Mume wangu, Baba Ngoie, karani wa reli, akagombea. Alikuwa na suti moja na maneno mengi. Hela hakuna.

Mimi nilikuwa nauza munkoyo nyumbani, kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Ndicho kilichosomesha wanangu.

Basi mwenye baa mmoja akamletea kreti za bia. Mzee wangu kwa furaha akawagawia majirani siku hiyohiyo. Wanaume na bia ya bure, mnawajua.

Chupa zilipokwisha ndipo sharti likaja: akishinda, aunge mkono amri ya kukataza vinywaji vya kuuzwa majumbani.

Yaani chungu changu mwenyewe. Nililia, sifichi. Naye aliona aibu, lakini bia iliyokwisha kunywewa unairudishaje?

Sisi wanawake wa mtaa tulikuwa na likelemba, tunachanga na kupokea kwa zamu. Zamu ilikuwa ya jirani yangu, Mama Kapinga, aliyengojea cherehani mwaka mzima. Akaja na fedha yote kwenye kitambaa.

"Baba Ngoie, enda umurudishie ule muntu bia yake. Ukiingia kule na pombe yake mu tumbo, njo yeye atasema, hapana weye." ("Njo" kwetu ni "ndio".)

Mume wangu akanunua kreti nyingine, akazipeleka baa. Kampeni tukaifanya kwa munkoyo wangu. Akashinda kwa kura chache.

Ile amri ililetwa kweli, mwenye baa alikuwa na marafiki wengine mle ndani. Baba Ngoie akasimama kuipinga, ikaanguka.

Wiki iliyofuata Mama Kapinga akabisha hodi. Wanawake wanataka bomba la maji karibu.

"Kumbe sasa ninyi njo munanituma," mume wangu akacheka.

"Ulifikiri nani?"

Bomba likaja. Cherehani pia, maana zamu yangu ilipofika nilimwachia. Mungu amlaze pema mama yule, shukrani zangu kwake haziishi.

Nilichojifunza: anayegharamia kampeni ana mkono kwenye sheria. Basi changeni ninyi, hata kidogo, kabla mwenye baa hajafika.

Wakati ule wanawake hatukuwa na kura, wakuu. Lakini mjumbe tulikuwa naye.

Ninyi wenye kura, wa kwenu ni wa nani? Semeni, nawasoma.