Siku Mkoba Wangu Ulipotoa Povu Mpakani

Hii stori nimekataa kuisimulia kwa muda mrefu, na wale wanaoijua pale Malaba wakiniona hukohoa kidogo halafu wanaangalia kando, lakini kwa vile siku hizi inazunguka sokoni kila mtu na yake (mmoja anasema nilishikwa na bomu, mwingine anasema nilikuwa nimebeba jini), nimeona heri niitoe mwenyewe vile ilivyokuwa, mnicheke mara moja tumalize.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko kando ya barabara ambapo malori hupanga laini yakisubiri kuvuka kuingia Uganda, na kazi ya ususi ni kusimama, unasimama nyuma ya kichwa cha mtu kutoka asubuhi hadi jua linazama, sasa fikirieni mtu anayesimama hivyo huku anawashwa mahali ambapo hawezi kujikuna mbele za watu. Mniwie radhi, lakini nikizungukazunguka hamtaelewa. Nilikuwa na fangasi, ile ya wanawake, ya huko chini. Inakuja, naenda kwa kemisti napewa dawa, inatulia, nafurahi, halafu kabla sijasahau imerudi, na ikirudi inarudi na hasira. Nikisuka nabadilisha mguu, nabana mapaja, naegemea kiti, nakimbia choo cha nyuma narudi, mpaka wateja wakaanza kuniuliza kama kuna mtu ananingoja mahali.

Hospitali sikwenda. Malaba mnaijua, ni mji wa malori, na mwanamke akionekana mara kwa mara akimnong'oneza hata mtu wa kemisti, watu humalizia maneno yake wenyewe, kwamba ni madereva. Halafu kulikuwa na Ekisa, mume wangu, fundi wa magurudumu ya malori, mtu wa maneno machache. Niliogopa ataniuliza nimeitoa wapi, na jibu sikuwa nalo, kwa sababu hata mimi usiku nilikuwa najiuliza kama si yeye ameileta. Kwa hivyo nikahamia chumba cha watoto, nikamwambia huyu mdogo anaota vibaya. Ekisa akasema sawa. Hakuuliza kitu, na hiyo kutouliza kwake ikanisumbua kuliko angeuliza.

Aliyenifungua macho ni Nafula, rafiki yangu wa kutoka Butula anayeuza ndizi karibu na saluni, mtu pekee niliyemwambia. Aliniambia ile kitu inakula sukari, na mimi ndiye nailisha. Basi nikaanza. Nikaacha sukari kwa chai, nikaacha mandazi, mkate, soda, hata ndizi mbivu za Nafula mwenyewe. Asubuhi nakunywa maziwa lala, yale ya kuganda, mchana natafuna kitunguu saumu kibichi (wateja walikuwa wanageuza kichwa upande mwingine, na mteja akigeuza kichwa laini ya nywele inapinda), jioni sukuma na ugali kidogo sana. Na sitadanganya, kulikuwa na nafuu. Haikuwa nafuu kubwa, lakini ilitosha kunipa kiherehere, kwa sababu mimi kitu kikinisaidia kidogo nataka niongeze mpaka kiishe. Nikamuuliza Nafula kuna nini kingine. Akasema amesikia kuna mama upande wa Uganda anauza vitu vya asili vya shida hiyo. Nikafurahi, kwanza kwa dawa, pili kwa sababu ng'ambo hakuna anayenijua.

Nilivuka mara mbili nikimtafuta nikarudi mikono mitupu, na mara ya tatu nikampata huyo mama, akanipokea vizuri, akaniita nyabo, yaani mama, akanikalisha kwa stuli. Alinipa chupa ya maziwa lala yake mazito, chupa ya siki ya matunda, na unga mweupe uliofungwa kwa karatasi ya nailoni, hauna jina wala maandishi. Akaniambia siki na unga natia kwa beseni la maji ya vuguvugu, naketi humo, leo siki, kesho unga. Sikuuliza unga ni wa nini. Nilikuwa nawashwa, ninataka nyumbani, ninataka hilo beseni sasa hivi, nikasokomeza kila kitu ndani ya mkoba mmoja, na kifuniko cha siki sikukikaza.

Pale mpakani laini ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshuka mpaka kwa mabega. Nikasimama. Ikaanza. Nikahamisha uzito mguu huu, nikahamisha mguu ule, nikageuka nyuma kama mtu anayetafuta upepo, na nani yuko nyuma yangu kama si Mama Mchungaji wa kanisa letu, ametoka kununua vitenge, anatabasamu, ananiuliza mbona sikuonekana kwa ushirika wa akina mama. Nikasema kazi. Huku naongea nabana, naachilia, napiga hatua mbele, narudi. Nilikuwa kama mtu amekanyaga siafu.

Kulikuwa na afisa wa kike pale mbele, msichana mdogo tu (nywele zake zilikuwa zimesukwa vibaya, kwa saluni yangu hazingetoka hivyo), na alikuwa ananiangalia. Kumbe wao wamefundishwa kuangalia mtu ambaye hatulii. Akaniita kwa kidole nitoke kwa laini, niweke mkoba kwa meza.

Akaniuliza kwa upole mbona situlii. Nikasema ni joto. Akafungua mkoba, akatoa ile chupa ya maziwa kwanza.

"Hii ni nini, mama?"

Hapo ndipo mngenishika mkono. Ningesema ni maziwa lala, basi, hakuna kosa kwa maziwa lala. Lakini mimi nilikuwa naona kama kila kitu ndani ya mkoba kimeandikwa ugonjwa wangu, nikasema ni maziwa ya mtoto. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza ana miaka mingapi huyu mtoto anayekunywa maziwa yaliyoganda. Akainua ule unga mweupe, akaifungua nailoni yake, akauzungusha kwa mwanga, na uso wake ukabadilika, nikasema haraka ni unga wa uji. Akaurudisha ndani ya mkoba bila kuufunga, akagusa chupa ya siki bila kuitoa, akauliza na hii. Na mimi, kwa kuwa uongo ulikuwa umeshaniishia, nikasema ni maji ya maombi.

Mama Mchungaji nyuma yangu akauliza, "Kutoka kanisa gani?"

Wakati huo yule afisa alikuwa ameinua mkoba kwa mpini mmoja ili aupeleke kwa mkubwa wake, mkoba ukalala upande, na mkoba ukaanza kulia. Ulitoa sauti ya ssss kama mafuta yakiguswa na maji. Halafu povu jeupe likatoka kwa zipu, likapanda, likamwagika mezani, likaanza kushuka kwa mguu wa meza, na harufu kali ikapanda mpaka kwa pua. Afisa akauachilia. Mtu akasema ni asidi. Mwingine akasema ni bomu, na hilo neno likishasemwa mahali kama pale halirudishwi, watu wakarudi nyuma kwa mkupuo, vitenge vya Mama Mchungaji vikaanguka chini vikakanyagwa, wanaume waliovaa sare wakaja wakikimbia wakituambia tukae mbali, na mimi nikaambiwa nisiguse chochote na mikono niiweke juu. Mikono juu, na bado nawashwa. Nawaambia ukweli, nilisimama pale mbele ya watu wa nchi mbili nikichezacheza miguu na mikono hewani, na hakuna aliyejua kama naomba au nacheza.

Habari zikafika kwa malori kabla ya povu kukauka. Nikamwona Ekisa akija mbio na spana mkononi, mikono imejaa grisi, wakamzuia. Mkubwa wa maafisa, mzee mtaratibu, akaniambia nimweleze mara moja ni nini kilichomo humo, na nisimdanganye tena, kwa sababu nikidanganya tena tutaenda kuongea ndani.

Nikasema. Niliangalia chini nikasema kwa sauti ndogo, akaniambia niongeze sauti, nikaongeza. Nikasema ni siki, ni unga wa kunawia, ni dawa ya fangasi ya huko chini, imenisumbua muda mrefu, nimeacha sukari, nimeacha mandazi, nimekula kitunguu saumu mpaka nimechoka, na sasa hivi vile nasimama hapa nawashwa.

Yule afisa msichana akasogea, akachovya kidole kwenye unga uliobaki mkavu kwa nailoni, akaunusa, akaudondoshea siki iliyobaki kwa chupa, ukatoa povu tena, akacheka kidogo akafunika mdomo. Akasema ni magadi ya kupikia, ile ya kutia kwa mandazi, na ikikutana na siki lazima itoe povu. Mandazi nimeacha, halafu nimevuka mpaka kwenda kutafuta kinachoumua mandazi.

Watu walicheka. Ekisa hakucheka. Waliponiachilia alinichukua kando ya ukuta, akapangusa mikono kwa suruali, akasema polepole, "Amoit, mimi nilijua una mtu ng'ambo."

Ndipo nikaelewa ile sawa yake ya siku zote. Alikuwa ameniona nikihama kitanda, nikioga mara nyingi, nikivuka bila kusema, nikirudi bila mzigo wa maana, na alikuwa amejipanga kuniacha, anasubiri tu shule zifungwe. Nilikaa chini pale pale. Nilimwambia na mimi nilidhani ni yeye ameniletea. Tukatazamana kama watu wawili waliogongana gizani.

Tukaenda hospitali siku hiyo hiyo, yeye na grisi yake. Nesi aliniuliza kama napata kiu sana, kama naenda haja ndogo mara nyingi. Nikasema ndiyo, lakini hiyo ni joto na maziwa lala. Akanitoboa kidole. Sukari kwa damu ilikuwa juu, juu sana, na ndiyo ilikuwa inairudisha ile fangasi kila nikiifukuza. Akasema kupunguza sukari na mandazi kulikuwa jambo zuri na niendelee nalo, lakini peke yake halingetosha, na mtu ambaye inamrudia hivyo apimwe kwanza. Siki na magadi akanikataza kabisa huko chini, akasema naunguza ngozi bure, na kitunguu saumu nikirudishe kwa sufuria. Halafu akamgeukia Ekisa, bila kuulizwa, akamwambia ugonjwa huu hauthibitishi kwamba mtu ametembea nje. Ekisa aliangalia viatu vyake.

Dawa nakunywa mpaka leo, ya sukari. Kuwashwa kuliisha. Aibu ndiyo haijaisha, kuna dereva mmoja kila akipita huniita mama magadi. Lakini wanawake huja saluni, wanaketi, wanangoja wengine watoke, halafu wananiuliza mambo wakiangalia kioo badala ya kuniangalia mimi, na wote nawaambia waende wakapimwe kabla ya kununua chupa ya mtu yeyote.

Na mimi nimeapa. Siku nyingine mwili ukinisumbua nitamwambia Ekisa jioni hiyo hiyo, tukiwa wawili jikoni, kwa sauti ya chini, kuliko kungoja nije nimwambie mikono ikiwa juu mbele ya nusu ya Malaba.